Mwimbaji wa Kwenye Kompyuta ya Saturnini

Saturnini Nnunduma alianza biashara ya muziki sokoni Nachingwea miaka ya tisini, akiwa na redio ya kaseti mbili, penseli ya kurudishia utepe, na masikio ambayo mkewe Domitila alisema yanasikia kila kitu isipokuwa kilio cha mtoto. Ukimpelekea kaseti tupu, alikujazia dansi upande mmoja na kwaya upande wa pili. Katikati ya nyimbo wakati mwingine ungemsikia Domitila akiuliza nani kamaliza chumvi. Watu hawakujali. Wengine walidhani ni sehemu ya wimbo.

Kaseti zikaanza kufa, CD zikaingia. Mwaka 2006 shemeji yake Gaudens akamletea kompyuta ya mtumba kutoka Dar es Salaam, nzito kama kinu, akakaa kumfundisha.

"Unatumbukiza CD hapa, unabonyeza hapa," Gaudens alisema. "Mashine inazinyonya nyimbo, inazibana, zinakuwa MP3. Ukishamaliza, CD moja inabeba nyimbo za CD kumi."

"Inazibana vipi, shemeji?"

"Kama nguo kwenye begi la safari."

"Na hazitoki na makunyanzi?"

"Zinatoka nayo kidogo. Lakini kwa spika zako hizi, nani atajua?"

Gaudens akarudi Dar, na Saturnini akajifungia na mashine yake. Alitumbukiza CD ya dansi. Kompyuta ikaguna, ikapiga kelele kama inakoboa mpunga, kisha ikamwonyesha folda yenye jina la Kiingereza. Saturnini alisoma Kiingereza herufi kwa herufi, kama anavyosoma Kiswahili, kwa hiyo akalitamka: Unkinowini Aritisti.

Akatumbukiza CD ya taarabu. Unkinowini Aritisti. Akatumbukiza kwaya. Unkinowini yule yule.

"Mama Gabrieli, njoo!" alimwita mkewe. "Kumbe hawa wote ni mtu mmoja!"

Domitila alikuja na mwiko mkononi. "Mtu mmoja anaimba taarabu na kwaya?"

"Mashine imemtambua kwa sauti. Sisi masikio yetu yamedanganywa miaka yote hii."

"Na hii ni sauti ya mwanamke."

"Ndiyo usanii wenyewe huo!"

Basi akachoma CD zenye nyimbo mia na ushee, akaziandika juu kwa kalamu nene: UNKINOWINI, MKUSANYO MKUBWA. Halfani, mwenye mgahawa karibu na stendi ya Ruangwa, alinunua moja, akaiweka kwenye deki yake tangu chai ya asubuhi hadi wali wa jioni. Mji ukampenda Unkinowini. Vijana walisema huyo ni noma. Mzee Dastani, aliyezaliwa upande wa pili wa mto Ruvuma, alisema jina hilo ni la Kimakonde cha kwao kabisa, na kwamba alishawahi kula naye ugali. Mwamina muuza vitumbua alisema mwanaume mwenye sauti nyororo namna ile lazima ameoa vizuri.

Sasa, miongoni mwa CD alizozinyonya Saturnini ilikuwamo ya kwaya ya kijiji cha Chiola. Mwalimu wa kwaya hiyo, Goreti, ndiye aliyetunga nyimbo zote. Wimbo uliopendwa zaidi aliutunga akipalilia karanga, ndiyo maana ulikuwa na mahali pa kuinama.

Kwaya ikaalikwa kwenye tamasha Ruangwa. Wakashonesha sare mpya za kijani, wakapanga mistari, wakaimba wimbo wao wa karanga, wakainama panapostahili. Walipoinuka, badala ya vigelegele wakasikia minong'ono. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti.

"Tunawashukuru wageni wetu kutoka Chiola. Wamejitahidi. Lakini siku nyingine, jamani, tungeni wa kwenu. Huu wa Unkinowini tunaujua wote."

Watu wakacheka. Mwamina, aliyekuwa mbele kabisa na beseni lake, akaongeza kwa huruma, "Ila mmemkaribia, mwanangu. Mmemkaribia sana."

Goreti aliulizia CD hiyo inatoka wapi, akatajiwa Saturnini, na usiku huo hakulala vizuri. Kulipokucha, kwaya nzima ilishuka Nachingwea bado imevaa sare, ikauliza njia, ikajaa kwenye kibanda cha Saturnini mpaka waimbaji wawili wa besi wakabaki nje dirishani.

"Yuko wapi huyo Unkinowini?" Goreti aliuliza.

"Sijabahatika kuonana naye, dada yangu."

"Ameniibia wimbo!"

Saturnini alimwonea huruma. Akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Soma mwenyewe. Si mimi ninayesema, ni mashine. Wimbo ni wake, na huu, na ule, na ile taarabu ya kumsema jirani."

Goreti hakubishana. Alisimama katikati ya kibanda akaimba ubeti wa kwanza. Wenzake wakadakia, na walipofika mahali pa kuinama wakagongana vichwa kwa ufinyu wa nafasi. Domitila akatoka uani.

"Baba Gabrieli, sauti ni yake huyu."

Saturnini akamtazama Goreti kwa hofu na heshima mpya. Akavua kofia. "Kwa hiyo… ndiwe wewe Unkinowini?"

"Mimi ni Goreti wa Chiola!"

Jonasi, mmoja wa besi waliobaki dirishani, akatoa wazo. "Weka CD ambayo mwimbaji wake unamjua kwa yakini. Tuone itasema nini."

Saturnini alifikiri, akachomoa CD ya harusi ya jirani yake Rashidy. Saturnini mwenyewe ndiye aliyekuwa mshereheshaji siku hiyo, na alipoona ngoma imepoa aliimba. Hakuna sauti duniani aliyoijua zaidi. Akaitumbukiza. Mashine ikaguna, ikakoboa mpunga wake, ikamaliza. Wote wakasogeza shingo.

Unkinowini Aritisti.

Saturnini akakaa chini taratibu. "Na mimi pia?" alinong'ona. "Mama Gabrieli, na mimi pia ni yeye?"

Ndipo Jenifa, mwimbaji wa sauti ya kwanza aliyefundisha Kiingereza shule ya msingi, akapenya katikati ya wenzake akasogelea kioo. Alianza kucheka hata kabla ya kumaliza kusoma, akacheka mpaka akamshika Domitila bega asianguke.

"Mzee wangu," alisema alipopata pumzi, "maana yake ni msanii asiyejulikana. Mashine haimjui mtu. Inasema tu kwamba haijui."

Kibanda kikapasuka kwa kicheko, na Goreti, aliyekuja na hasira ya kumtosha kila mtu, akajikuta anafuta machozi kwa sare mpya. Saturnini peke yake hakucheka. Alikuwa amempenda yule mtu.

Lakini Goreti alidai jina lake lisafishwe, na Saturnini hakuwa mtu wa kukimbia kosa. Siku ya soko akaenda Ruangwa, akaomba kipaza sauti kwa Halfani, akasimama juu ya benchi. Alikuwa amejiandalia maneno mengi. Lakini yakatoka machache:

"Ndugu zangu, Unkinowini hayupo."

Halafu Mwamina akaweka beseni chini, akajishika kichwa, akaangua kilio.

"Hayupo! Jamani, ametutoka lini?"

"Hapana, namaanisha hakuwahi kuwepo…"

Nani angemsikia? Halfani alishazima deki kwa heshima. Mzee Dastani alishavua kofia na kuanza kueleza jinsi marehemu alivyopenda kisamvu. Akina mama wakaleta mikeka, wengine sufuria. Mpaka adhuhuri kukawa na msiba kamili nje ya mgahawa, wenye wali na maharage, wa mtu asiyekuwa na kaburi wala mama.

Saturnini akampigia Goreti simu. "Dada, mambo yameharibika. Wanaomba mje kumwimbia."

"Kumwimbia nani?"

"Marehemu."

"Wanataka wimbo upi?"

"Ule wa karanga."

Kwaya ikaja na sare. Waliimba pale mikekani, na safari hii walipoinama, Ruangwa nzima iliinama nao, wengine wakilia kweli. Wazee wakakubaliana kwamba hakuna anayeweza kurithi nyimbo zile isipokuwa kwaya ya Chiola, na Mzee Dastani akathibitisha kuwa marehemu mwenyewe aliwahi kumdokezea hivyo. Kabla wali haujaisha, Goreti alikuwa ameshaalikwa kwenye harusi mbili za kijiji cha Mkotokuyana.

Alimwambia Saturnini achukue spika na kuwafuata. Saturnini akauliza atatambulishwaje kwa wenye harusi.

"Mtu wetu wa spika," Goreti alisema, akajipakulia maharage. "Na usishike kipaza sauti."