Nani Alifyeka Ngitili

Mimi nina hasira, na sitaki mtu aniambie niipunguze. Naitwa Zakia, wengi wananiita Mama Raya, nina duka la rejareja hapa Mpanda mjini, mtaa wa chini, nyumba ya mwisho kabla hujatelemka bondeni. Nikikueleza habari za Nyanzala utadhani namsifia. Simsifii. Yule mwanamke ana kichwa kigumu, ana sauti ya kuitia ng'ombe, na akikuuliza jambo hakuachi mpaka umjibu. Lakini alilotendewa na mtaa huu, na mimi nikiwemo, nalisema waziwazi, maana wenzangu wote wamekazana kulifunika.

Nyanzala ni Msukuma. Alikuja Katavi na mumewe wakichunga ng'ombe, wakakaa upande wa Kibaoni. Mume akafa, ng'ombe wakachukuliwa na mashemeji, yeye akaja mjini na masufuria yake mawili. Akaanza kuuza karanga na viazi vitamu, pole pole akajenga vyumba viwili karibu na bonde. Siku ya kwanza aliyoingia dukani nikamuuliza ng'ombe kawaacha wapi, asije akatumalizia nyasi za mjini. Mama yangu mimi ni Mfipa, na Mfipa na Msukuma ni watani, kwa hiyo nilikuwa na haki yangu. Akanijibu kwamba amesikia Wafipa wanauza radi, basi nimpimie robo. Tokea siku hiyo tukaitana mtani.

Sasa elewa habari ya maji. Bomba letu wakati wa kiangazi linatoa maji mara mbili kwa wiki, tena likipenda. Zamani hatukujali, kwa sababu bondeni kulikuwa na chemchemi. Watu wakaingia. Huyu anakata kuni, yule anafunga mbuzi, mwingine anachimba udongo wa matofali. Chemchemi ikawa tope, tope likawa vumbi, tukaanza kununua maji ya madumu yanayoletwa kwa bodaboda, tunalalamika kama vile kuna mtu katuibia.

Miaka minne iliyopita Nyanzala akapita nyumba kwa nyumba. Alituita uani kwangu, tukajaa. Akasema kwao Usukumani wazee walikuwa na ngitili. Mnatenga eneo, mnalifunga. Mbuzi haingii, panga haliingii, moto hauingii. Nyasi zinaachwa zikue zinavyotaka, miti inajiotea yenyewe, na maji yanarudi.

"Jamani, dunia imekwisha," nikasema mimi. "Leo Msukuma anatufundisha kutunza miti."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. "Sisi ndio tunaojua, mtani," akasema. "Ya kwetu tulishaimaliza. Nyie bado hamjaonja."

Tukaweka sheria siku ile ile. Atakayekata ndani ya ngitili atasimama mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake, "Nilikata mimi." Kisha atatengwa mwezi mzima. Hakuna salamu, hakuna kuuziana wala kuazimana kitu, isipokuwa kama ana msiba. Kila mtu alinyoosha mkono. Yunusi, mwenyekiti wetu wa mtaa, alinyoosha miwili.

Sitakudanganya, ile miaka mitatu ilikuwa mizuri. Tulizungushia bonde miiba. Kila nyumba ikawa na siku yake ya kulinda, na kwa zamu hizo nikawajua watu niliokuwa nawapita miaka kumi bila kujua hata wanakula nini. Tereza, yule anayeuza mboga mkabala na duka langu, tulikuwa tumenuniana kwa sababu ya jogoo. Zamu ya Jumatano ikatupatanisha. Rosine, mzaliwa wa Katumba, alileta vipande vya mkuyu akavichomeka kuzunguka jicho la maji. Nyasi zikafika kifuani. Ndege wakarudi ambao sijui hata majina yao. Na mwaka wa tatu, mwezi wa tisa, wakati ambao hata mbwa anatafuta kivuli, maji yakatoka. Dumu linajaa ukiwa unahesabu hadi mia. Kina mama tulikaa pale chini tukipiga soga kwenye foleni, hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Mwaka huu, mwezi wa sita, kaka yake Nyanzala akafariki huko Kibaoni. Akafunga safari kwenda kuzika. Kabla hajaondoka akapita dukani akiwa na kifurushi kichwani.

"Mtani, nakuachia ngitili," akasema.

"Nenda kazike," nikamjibu. "Ngitili haina miguu, itakwenda wapi."

Alhamisi Yunusi akapita na spika. Jumamosi ni usafi wa mazingira, na safari hii wanakuja wakaguzi, mitaa inashindanishwa. Kila nyumba itoe mtu. Nyasi zikizidi kifundo cha mguu, faini.

Hapa lazima nikwambie ugonjwa wetu. Kwetu usafi ni udongo. Mwanamke anayejiheshimu anafagia uwanja wake asubuhi mpaka mistari ya ufagio ionekane, na jani likianguka analiokota. Nyasi ni uchafu, kichaka ni uchafu zaidi, nyumba yenye majani mlangoni ni ya mlevi au ya marehemu. Ndivyo tulivyolelewa. Hata wakati ule tunasifia ngitili, moyoni tulikuwa tunaionea aibu kidogo mgeni akija.

Jumamosi tukafyeka mitaro, tukafagia barabara. Saa nne Yunusi akasimama ukingoni mwa bonde, mikono kiunoni.

"Na hili pori?"

"Hilo si pori, mwenyekiti, ni ngitili," nikasema. Nilisema hivyo. Nakuapia nilisema.

"Mama Raya, wakaguzi wanapita njia hii hii. Watajua ngitili? Wataona vichaka, nyoka na maficho ya vibaka. Tukipunguza kidogo kuna ubaya gani? Maji yako chini ya ardhi, hayako kwenye majani. Halafu hapa ni mjini, hapa siyo Usukumani."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachonikereketa mpaka leo, kwamba sikulazimishwa, nilichekeshwa. Fyekeo lilikuwa mkononi mwangu tayari, na pale penye mkuyu wa Rosine nyasi zilikuwa laini, zinakatika vizuri. Tulikuwa kama watu arobaini. Kidogo kikawa kingi. Mtu akifyeka na mwenzake pembeni anafyeka, mkono haujui pa kusimama. Kufika saa sita bonde lote lilikuwa jekundu kwa udongo mtupu, tumekusanya nyasi katikati, mtu akatia kiberiti, na kusema kweli tuliliangalia tukaona limependeza. Nasema tena, tuliona limependeza.

Wakaguzi hawakupita njia ile. Waliishia ofisini, wakapewa soda, wakaondoka.

Nyanzala alirudi Jumatano. Nilimwona akipita mbele ya duka bila kutua mzigo. Alishuka bondeni akakaa muda mrefu. Mbuzi wa watu walikuwa wanakula vichipukizi vya mkuyu mbele ya macho yake. Mimi nikajifanya napanga sabuni.

Jioni akaitisha mkutano, kule kule bondeni, juu ya majivu. Watu wakaja kwa sababu walimwogopa, siyo kwa sababu walitaka. Hakupiga kelele. Akauliza tu nani alifyeka.

Yunusi akakohoa. "Ni kweli, dada, eneo limefyekwa."

"Limefyekwa na nani?"

"Na wananchi."

"Mwananchi yupi?"

Nyanzala akamgeukia Tereza.

"Tuliambiwa tufyeke," Tereza akasema.

"Sijauliza mliambiwa nini. Nani alifyeka?"

"Ilibidi, Mama. Kulikuwa na faini."

Akaenda kwa kila mtu. Ilifyekwa. Palifyekwa. Ilitokea. Tulikuwa wengi. Sijui hata ilianzaje. Kiswahili chetu kina milango mingi ya kutorokea, na siku ile watu walitoka kwa yote. Rosine peke yake alikuwa analia. Yeye hakufyeka, alikuwa Katumba kwao. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nyanzala aliponifikia alinitazama usoni, na nikaona kwamba alikuwa ameniacha wa mwisho makusudi, akitumaini.

"Nilifyeka mimi," nikasema. "Uliniachia nikuangalizie, nikafyeka kwa mkono huu. Nilianzia pale penye mkuyu."

"Zakia," akasema. Hakuniita mtani. "Sheria unaijua."

"Naijua."

"Mwezi mmoja."

Akaondoka. Na hapo sasa, msikilizaji, ndipo hasira yangu inapoanzia hasa. Nilidhani kesho yake watu watakuja mmoja mmoja kusema na wao. Wapi! Walikuja kunitenga. Watu arobaini walioshika mafyekeo siku ile, mengine niliwaazima mimi mwenyewe, wakaikumbuka sheria ghafla. Salamu hawaitikii. Dukani hawaingii. Tereza akawa anapita mbele yangu na sukari aliyoinunua barabara ya juu, shingo kaigeuza kama ana jipu. Yunusi akawaambia watu kwamba suala la bonde limeshughulikiwa, mhusika amepatikana. Mhusika! Walipata pa kutua mzigo wao, wakautua barazani kwangu, wakaenda kulala.

Nyanzala naye alinitenga, lakini yeye alikuwa na haki. Kila alfajiri nilishuka bondeni kurudishia miiba, nikamkuta yeye keshaanza upande wa pili. Hatukusemezana neno mwezi mzima. Nikikosa kamba, nilikuta kipande kimeachwa juu ya jiwe. Maji yalikuwa yanapungua mbele yetu. Mwezi wa nane dumu lilichukua robo saa kujaa. Mwezi wa tisa, dakika arobaini, na chini linabaki tope la vidole viwili. Kama mvua zitatukuta na udongo mtupu, jicho lenyewe litafukiwa na mchanga, na hapo tutakuwa tumelizika. Hilo Nyanzala alituambia tangu mwanzo, na kila mtu alilisikia.

Lakini nimekimbilia mbele. Mwezi wangu wa kutengwa ulipoisha, siku hiyo hiyo nikafungua duka mapema. Wakaja, ebo, utadhani nimetoka Hija. Mama Raya, habari za siku nyingi. Mama Raya, tulikumisi. Yunusi alikuwa wa kwanza, anataka chumvi na vocha.

"Nani alifyeka bonde?" nikamuuliza.

Akacheka. "Yaliyopita si ndwele, Mama Raya, tugange yajayo."

"Hayajapita. Kachungulie ndoo ya mke wako. Nani alifyeka?"

"Si unajua ilivyokuwa."

"Najua ilivyokuwa. Chumvi ipo barabara ya juu."

Ndivyo nilivyofanya kwa kila aliyekuja, na ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Mume wangu anasema nimerukwa na akili, duka litakufa. Lifilie mbali. Mimi maji nakunywa, duka silinywi. Wengine wamenitukana. Wengine wanatuma watoto, na mtoto namuuzia, kwa sababu yeye hakushika fyekeo, ila namrudisha na swali kwa mama yake.

Juzi akaja Tereza. Alisimama kwenye kaunta muda mrefu, kikapu mkononi, mbele yake kuna mfuko wa sukari nimeshaupima. Mjukuu wake alikuwa anaumwa tumbo kwa maji ya madumu, nilikuwa nimesikia. Nilimwonea huruma, lakini nikauliza.

"Nani alifyeka, Tereza?"

"Mimi," akasema. "Nilifyeka mimi. Na kiberiti kilikuwa changu."

Hicho cha kiberiti sikukijua. Hakuna aliyekijua, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Asante," nikamwambia. "Sasa sheria unaijua."

Nikautoa mfuko wa sukari juu ya kaunta nikaurudisha kwenye rafu. Haikuwa rahisi, maana huyu ni mtu ambaye tumelinda naye Jumatano zote za miaka mitatu. Tereza akaitazama ile sukari, akatikisa kichwa kukubali. Akaacha kikapu chake barazani kwangu, akashuka bondeni ambako Nyanzala alikuwa anaburuta miiba peke yake, akashika upande wa pili wa tawi.