Glavu ya Kushoto

Wakati wa vita ziwa letu lilikuwa giza. Nasema hili mapema kwa sababu watoto wanaokua Rumonge siku hizi hawajui kwamba taa za wavuvi ziliwahi kuzimwa. Kabla ya hapo, jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, walikuwa wakitoka na karabai zao, na maji yakawa kama mji mwingine uliojengwa mbali, mji usio na barabara wala kelele. Halafu askari wakakataza kuvua usiku. Jioni tukabaki kukaa barazani, tunaangalia mahali ambapo mji ule ulikuwa.

Mama yangu alipata kiharusi katika miaka hiyo ya giza. Asubuhi moja alitaka kushika kikombe cha chai, kikombe kikabaki mezani na mkono ukabaki gotini. Maneno yalimrudia baada ya siku chache, mguu ukafuata polepole, lakini mkono wa kulia ulikataa. Ukimwomba sana, vidole vilijikunja kidogo, kama mtu anayeitikia akiwa usingizini. Basi, hapo tu.

Nyumba yetu ilikuwa katika mtaa wa Waislamu wa Rumonge. Tulikula kwenye sinia moja, kwa mkono wa kulia, kama nyumba zote za jirani. Mkono wa kushoto una kazi zake, na kila mtu anazijua. Mama hakukosa chakula. Alichokosa ni mkono wa kukilia mbele ya watu. Akaanza kula chumbani kwake, nyuma ya pazia, ameuelekea ukuta, kwa mkono wa kushoto. Mtu akiingia, alifunika sahani kwa kitenge. Siku zilivyopita, chakula kwenye sahani ile kilirudi jikoni karibu chote, na nguo zikaanza kumpwaya.

Mama mdogo, mdogo wake aliyeishi nasi na kutupikia, alimwita kila mchana.

"Dada, njoo ule na sisi. Nani anakuangalia hapa?"

"Mungu ananiangalia. Na wewe pia, na hayo macho yako makubwa."

Tulicheka, lakini hakuja. Muuguzi aliyempima alinivuta pembeni akaniambia kwamba yeye sasa haogopi tena kiharusi, anaogopa njaa. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: mama arudi kwenye sinia.

Nilikuwa nafundisha biolojia sekondari. Kitabu tulichokuwa nacho kilisema ubongo wa mtu mzima ni kitu kilichokwisha kujengwa. Seli zake zikifa, kazi yake imekufa nazo. Nilikuwa sina sababu ya kukishuku. Kilikuwa na michoro mizuri.

Barabara ya Bujumbura ilifunguliwa asubuhi, askari wakishapita, na minibasi zilikwenda zikifuatana. Walimu tulikwenda kuchukua mshahara benki, na karibu na benki hiyo kulikuwa na siber, chumba chenye kompyuta chache na jenereta iliyonguruma nyuma ya ukuta. Niliingia mara ya kwanza bila kujua ninatafuta nini hasa. Niliandika kwa Kifaransa: kiharusi, mkono, ubongo. Ukurasa ulifunguka kutoka juu kwenda chini, taratibu, kama mtu anayeshusha pazia. Ikatokea picha ya ubongo, nyeusi yote, na ndani yake madoa ya njano na mekundu yanayong'aa. Nilisahau kwamba nalipia dakika. Lile lilikuwa ziwa. Ziwa letu la zamani, na taa zake.

Acha nieleze nilichosoma, maana si kigumu kama kinavyoonekana. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba ubongo wa mtu mzima bado hubadilika. Sehemu moja ikifa, sehemu za jirani zinaweza kujifunza baadhi ya kazi yake, mradi ziitwe kila siku. Shida ni kwamba mgonjwa hukimbilia mkono mzima. Ule dhaifu hauitwi tena, na ubongo nao unauachilia, kama simu isiyopigwa. Kwa hiyo madaktari wengine walikuwa wakiuzuia mkono mzima kwa saa kadhaa, ili ule dhaifu upewe vikazi vidogo vidogo.

Lakini ukurasa ulikuwa muhtasari tu. Makala nzima ilitaka kadi ya benki, kitu ambacho sikuwahi kukigusa. Nadhani nilitoa sauti, kwa sababu msimamizi wa siber alisogea.

"Mwalimu, usilie. Pale chini iko adresi ya mwenyewe aliyeandika. Mwandikie. Wale watu wanapenda kuulizwa."

Nikamwandikia. Nilianza kama nilivyolelewa: hali yake, hali ya wazazi wake, kama mvua zimewafikia.

"Unalipa dakika," msimamizi akasema juu ya bega langu, "na wewe unauliza mvua?"

"Siwezi kumwomba kitu mtu ambaye sijamsalimia."

"Basi salimia haraka haraka, mazuti ya jenereta iko inakwisha!"

Barabara ilifungwa muda mrefu baada ya hapo. Nilipofika tena Bujumbura, jibu lilikuwa linaningoja. Mwanasayansi yule alikuwa mwanamke, na alianza kwa kujibu salamu zote: mvua kwao ilikuwa theluji, na mama yake ni mzee sana, anasahau majina ya wajukuu. Alikuwa ameambatisha makala nzima. Aliandika kwamba waandishi wengi hufurahi kumtumia yeyote anayeomba, na kwamba wenzake wengine wameanza kuziweka wazi mtandaoni, mtu yeyote asome bila kulipa. Alinionya pia. Njia hii huwafaa zaidi wale ambao vidole vyao bado vinatikisika kidogo, inachosha, na haimrudishii kila mtu kila kitu. Mwisho aliniomba nimweleze kitakachotokea. Na aliongeza makala ya mtu mwingine, "asiyekubaliana nami," aliandika, "msome na yeye."

Siku hizi nasoma makala kama hizo kwenye simu, nimekaa barazani. Watafiti huziweka hata kabla hazijachapishwa, na wenzao huzikosoa chini yake, mbele ya macho ya wote. Lakini siku ile, ndani ya minibasi, karatasi nilizochapishiwa siber zikiwa mapajani, ziwa likipita dirishani kama kitu ninachokiota, sentensi ile haikunitoka. Mtu asiyekubaliana naye, na bado anamtuma kwangu! Kwetu wakati ule, wasiokubaliana tuliwasikia kwa milio ya risasi kutoka milimani.

Nilimweleza mama kwa njia ya taa. Nilimwambia kichwani mwake kuna ziwa, na upande mmoja wa ziwa hilo taa zimezimika.

Aliangalia maji.

"Kwa hiyo ndani humu nako wamekataza kuvua."

"Upande mmoja tu, Mama."

"Na taa za jirani zinaweza kusogea hapo?"

"Zikiitwa kila siku."

Alipenda hivyo. Nikamwambia sasa kwamba itabidi tuufunge mkono wa kushoto, saa chache kila asubuhi. Uso wake ulibadilika.

"Mnifunge? Watu waliofungwa mikono nimewaona wakipitishwa njiani hapa. Nimewaona wakienda. Mimi sifungwi."

Katika karatasi zangu zote hapakuwa na mahali palipozungumzia mji ambao kamba mkononi ina maana moja tu.

Aliyetusaidia alikuwa kipa wa timu ya Rumonge. Alikuwa mwanamume wa makamo, mkubwa kama mlango, anayefanya kazi kwenye kinu cha mawese, na siku hiyo alikuwa ametuletea bidoni ya mafuta. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, asifungwe mtu," alisema. "Mimi navaa glavu kila mechi, kuna aliyenifunga? Lakini ukiivaa, hata punje ya mchele huwezi kuiokota. Nitakuletea ya kushoto."

Aliileta jioni. Ilikuwa kubwa, ya kijani iliyopauka, ya mtumba. Mama aliinusa akageuza uso.

"Inanuka mechi zote mlizopoteza."

"Hatupotezi mara nyingi hivyo, Mama!"

"Basi inanuka zile mlizoshinda."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Asubuhi nilimvisha glavu mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukaenda kazini: kuhamisha maharage kutoka bakuli hadi bakuli, kufuta meza, kuokota ndagala wakavu walioanikwa na kuwaweka kwenye ungo. Ndagala mkavu ni mwepesi kama jani, hasamehe kidole kizito. Wengi walirudi chini. Majirani walipita wakisema mama amesajiliwa, tena anacheza goli gani, na yeye aliwapungia glavu ile kubwa kama mtu aliyezoea uwanja. Kama unamuuguza mtu hivi leo, nakuomba jambo moja: usitazame wale wanaoanguka. Tazama ungo.

Asubuhi moja aliamka akitabasamu. "Nimeota nakula ugali kwa mkono huu. Ugali wa moto, hadi umenichoma."

Nikamweleza kwamba hilo nalo limo katika karatasi zangu, kwamba mtu akilala ubongo hurudia rudia kazi za mchana, kama mwanafunzi anayesoma somo lake tena.

"Basi niacheni nilale," alisema akijifunika. "Niko kazini."

Vidole vilianza kushika. Kijiko, kwanza. Kisha kitambaa, kisha kipande cha muhogo. Lakini sahani yake ilibaki nyuma ya pazia. Mkono wa kulia ulikuwa haujafika mdomoni bila kumwaga, na mbele ya watu hakutaka kumwaga.

Siku za mechi kipa alipita kuchukua glavu yake, na jioni aliirudisha. Mara moja timu ilikwenda kucheza Muhuta, kaskazini kwetu. Mchana huo tukasikia kwamba kumepigwa risasi barabarani, na barabara imefungwa. Hakuna minibasi iliyokuja, wala mtu wa kuuliza. Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama amekaa mbele ya bakuli za maharage. Glavu hakuwa nayo. Mkono wa kushoto alikuwa ameukalia.

"Nani amekuonyesha hivyo?"

"Hakuna. Lete maharage." Kisha, bila kuniangalia: "Yule mtoto wa glavu anakula nini huko?"

Aliendelea hivyo siku zote tulizongoja, ameukalia mkono wake, akihamisha punje moja moja kama anayehesabu tasbihi. Mkono ulipochoka aliulaza mapajani na kutazama ziwa, upande wa kaskazini.

Kipa alikuja kwa mtumbwi. Tulimwona akipanda kutoka ufukweni wakati wa adhuhuri, suruali imelowa hadi magotini, midomo imekauka. Alikuwa ameshika glavu ya kushoto kama mtu anayeleta zawadi.

"Amahoro, Mama. Nimekuletea mkono wako."

Mama aliipokea kwa mkono wa kulia. Nilikuwa nimesimama pale pale na karibu nisilione jambo hilo.

Mama mdogo alikuwa na chakula tayari, ugali na mikeke, samaki wa ziwa letu, katika mawese. Aliweka sinia mkekani, akarudi jikoni kutafuta chumvi. Kipa alinawa, akakaa, akangoja. Alikuwa na njaa ya kuonekana, lakini hakugusa. Kwetu mgeni aliyefika kutoka njia mbaya haachwi ale peke yake. Mtu wa nyumbani hukaa naye na kutia mkono kwanza, ajue amefika. Niliinama kuvua viatu nikae. Nilipoinuka, mama alikuwa ameshakaa.

"Nimwagie maji," aliniambia.

Nilimmwagia kwenye mkono wa kulia. Alikata tonge; likavunjika. Akalikusanya upya kwa vidole vile vizito, akalichovya, na nikaona mawese yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Nusu iliangukia kitenge. Nusu ilifika.

Kipa aliangalia samaki, samaki tu. "Bisimillahi," alisema, akaanza kula.

"Mlishinda?" mama aliuliza, bado anatafuna.

"Sare."

"Na glavu zote mbili?"

"Na zote mbili, Mama."

"Basi glavu haina kosa."

Mama mdogo alirudi na chumvi, akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Nilimwonyesha kwa kichwa asiseme neno. Mkono ule haukuwahi kupona wote. Mama hakutunga tena uzi kwenye sindano hadi mwisho wa maisha yake, na hivyo ndivyo nilivyomwandikia yule mwanasayansi, baada ya salamu. Lakini mchana huo tonge la pili lilifika zaidi kidogo kuliko la kwanza, na la tatu nalo lilikuwa njiani, wakati kipa, kwa njaa yake, alipovuka katikati ya sinia kufuata kichwa cha mukeke.

"Mwanangu," mama alimwambia, "huo ni upande wangu."