Mwandishi Tuliyemzika Tyseley

Mlango wa mbele wa nyumba ile haukufungwa kwa ufunguo hata siku moja, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nimchukie marehemu. Sikuwahi kumwona, wala nisingeweza. Alipotea kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mama yangu mwenyewe hajazaliwa. Lakini binti yake, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa bado anamngoja pale Tyseley, Birmingham, nyuma ya karakana ya treni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha. Televisheni yake ilikuwa imeibwa, akanunuliwa nyingine, nayo ikaibwa. Afisa wa ustawi wa jamii akasema basi, ahamie makao ya wazee kule Perry Barr. Bibi akakataa katakata. Baba yake alikuwa na anwani hii tu, alisema, na akifika akakuta mlango umefungwa atadhani wamehama.

Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa nimekwisha kuizoea kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Huyu aliwahi kuvunjika nyonga, kwa hiyo alikuwa ananyanyuliwa na watu wawili. Mwenzangu alikuwa mama wa Kikongo kutoka upande wa Bukavu. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, na nilimwita yaya, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa. Bibi alituita sote "bab", kama wenyeji wa Birmingham wanavyomwita yeyote wanayempenda au waliyesahau jina lake.

Siku ya kwanza yaya alipoingia sebuleni na beseni la maji, alisimama mbele ya kabati la vitabu akasahau kwamba maji yanapoa. Vitabu vyote vilikuwa vya Kifaransa, majalada yamepauka, na kila jalada lilikuwa na mtu mweupe mwenye kofia akikabiliwa na kitu fulani: simba, moto, mkuki. Yaya aligusa kimoja kwa kidole kilicholowa. Alikuwa amekisoma akiwa msichana, kwenye shule ya mapadri. Darasa zima walikipokezana mpaka kikakatika uzi.

Hivyo ndivyo nilivyomjua yule Mfaransa, kidogo kidogo, nusu kwa bibi na nusu kwa yaya. Alizaliwa katika mji wa bandari, mtoto wa muuza kamba za meli, na kifua chake kilikuwa kibovu hata hakuweza kupanda ngazi bila kupumzika. Aliwanunulia mabaharia vinywaji wakamsimulia walikotoka, kisha akarudi chumbani kwake akafungua ramani, akaandika. Aliandika Amazoni, akaandika Uchina, na zaidi ya yote akaandika Afrika, vitabu vingi vya safari ambavyo vijana wa Ufaransa walivisoma chini ya madawati. Alimwoa mwalimu wa Kiingereza aliyetoka hapa Birmingham. Na mpaka wakati huo hakuwa amefika mbali zaidi ya London.

Kisha msafiri mmoja wa kweli akaandika gazetini kwamba mto wa kitabu chake mashuhuri unateremkia upande usioteremkia, na kwamba maporomoko makubwa anayofia shujaa hayapo popote. Watu walicheka. Yule bwana hakuweza kuivumilia aibu hiyo. Akamleta mkewe na mtoto kwa wakwe zake, nyumba hii hii, akambusu binti yake mlangoni, akaenda kuutafuta mto wake. Hakuonekana tena.

Nilipolisikia hilo sikumhurumia, nasema kweli. Nilimwona mtu mzima aliyemwacha mtoto wa miaka saba mlangoni kwa sababu ya kuchekwa. Yaya ndiye aliyemtetea. Tulikuwa tunasubiri basi, mvua ile nyembamba isiyokatika inatulowesha, naye akaniambia kwamba maporomoko yale kitabu kiliyaweka karibu kabisa na kwa babu yake. Alipokuwa mtoto aliyatafuta kila likizo. Babu alimwambia hakuna kitu kama hicho, naye akadhani babu ndiye asiyejua.

"Miye niliitafuta ile maporomoko sana," alisema. "Hata wakati wa vita, tuko tunakimbia mu pori, watoto ku mgongo, niko nasikiliza kama nitaisikia. Njo vile ilikuwa."

Mtu aliyekaa chumbani Ufaransa akikohoa alikuwa amemimina maji kwenye kichwa cha mtoto wa Bukavu, na maji yale yalikuwa bado yanaanguka.

Bibi alikuwa amekisahau Kifaransa cha utotoni. Mama yake alikipiga marufuku nyumbani tangu mwaka wa kwanza wa kungoja, kwa hiyo aliishi maisha yake yote na vitabu vya baba yake bila kuweza kuvisoma. Tukaanza kumsomea. Tukishamvisha na kumlisha, yaya alikaa karibu na dirisha, akasoma ukurasa, akanieleza kwa Kiswahili kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa bado kizito, nami nikampa bibi kwa Kiingereza. Mahali ambapo watu weusi wa kitabuni walifananishwa na nyani, yaya alishusha sauti na mimi nikaruka. Sikuruka kwa ajili ya kumsitiri yule bwana. Nilikataa tu maneno yale yapite kinywani mwangu. Bibi alisikiliza amefumba macho, na mwisho wa kila sura aliuliza swali lilelile: kuna mtoto ametajwa? Hakuwahi kutajwa mtoto.

Hapa niseme habari zangu, maana bila hizo mambo haya hayaeleweki. Mdogo wangu wa mwisho aliondoka nyumbani, Kakamega, akapitia Sudan na jangwani akitaka kunifuata huku. Alinipigia kutoka Tripoli, akasema wanapanda mashua kesho, akacheka kwamba nimpikie ugali. Baada ya hapo kimya. Miaka ilipopita mama na wazee wakaamua kufanya kama ifanyikavyo kwetu mtu anapopotea bila mwili: hukatwa gogo la mgomba, likavishwa nguo zake, likazikwa kaburini kama mtu, akaliliwa, mambo yakaisha. Lakini mimi ndiye niliyezungumza naye mwisho, na wazee walitaka niseme kwamba nimekubali. Sikukubali. Kwetu ukishazika mgomba, mtu huyo amekufa, hata akirudi kwa miguu yake haruhusiwi kuingia ndani hivi hivi. Kila mama alipolianzisha suala hilo kwenye simu nilimkatiza kwa ukali. Nilimwambia watu hufungwa Libya miaka na wakatoka. Nilikuwa nimebadilisha simu mara nyingi, lakini namba ileile niliikumbatia.

Nikaanza kuota. Niliota yule Mfaransa na kofia yake amesimama mchangani na mdogo wangu, wanaulizana njia, na kila mmoja anamwonyesha mwenzake upande ambao haujui. Niliamka nimelowa jasho kwenye chumba changu Small Heath, magari ya Coventry Road yanapita, nikajiambia ni uchovu.

Halafu kukawa na kitasa. Yaya alikuwa jikoni anapasha supu. Mimi nilikuwa kwenye korido nikikunja blanketi, na kitasa cha mlango wa mbele kikashuka polepole mpaka mwisho, kikatulia, kikapanda. Mlango haukufunguka. Niliufungua mimi. Nje hapakuwa na mtu, mtaa wote mtupu, moshi wa mtambo wa taka umelala juu ya mapaa. Yaya alisema treni zikiingia karakana nyumba nzima hutikisika, na ni kweli hutikisika. Ila kutikisika ni kwingine na kile nilichokiona ni kingine.

Bibi aliniona usoni. Hakushangaa hata chembe.

"Hufika hapo tu," alisema. "Hajui kama ndiyo nyumba yenyewe."

Kisha akaniuliza swali ambalo nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye. "Kwenu mtu asiporudi, mnafanyaje?"

Nilimweleza. Nilimweleza habari za mgomba, na kwa kuwa nilikuwa bado na hofu nikamweleza na za mdogo wangu, jambo ambalo kazini tunaambiwa tusilifanye. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliangalia mlango.

"Nitafutie huo mgomba," alisema.

Niliapa moyoni kwamba sitafanya upuuzi huo. Wazee wa kwetu wangenitoza ng'ombe: mwanamke, peke yake, anamzika mzungu asiye wa ukoo, tena Tyseley. Lakini Jumamosi nikajikuta kwenye duka la Wabangladeshi, Coventry Road, mahali wanapouza moyo wa gogo la mgomba kama mboga, umekatwa na kufungwa kwenye plastiki. Mwenye duka alifurahi kuona Mwafrika ananunua chakula chao. Alinifundisha namna ya kuukatakata na kuukaanga na kamba wa baharini. Nilimshukuru kwa adabu zote nikatoka na marehemu kwenye mfuko.

Bibi hakuwa na nguo hata moja ya baba yake. Akaagiza tuuvishe kitabu: tuchane kurasa, tuuzungushie, tufunge kwa uzi. Akanyoosha kidole kwenye kile mashuhuri, cha mto na maporomoko. Yaya akakishika kabla yangu akakikumbatia kifuani.

"Ile kitabu hapana," aliniambia. "Tuzike ingine. Ile iko yangu pia."

Nilisita namna ya kumfasiria bibi, nikaona nimwambie vilevile alivyosema. Bibi alimtazama yaya, mwanamke mzima mwenye wajukuu, ameshika kitabu cha watoto. Akasema akichukue. Akasema amefurahi kwamba kuna mtu aliyeamini. Tukachana kingine, cha Uchina.

Tulichimba kwenye kibustani cha nyuma kwa sepetu ya maua, bibi akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu na makoti mawili. Udongo wa pale ni mweusi na una vipande vya makaa ya zamani. Nilimwambia kwetu ni lazima aitwe kwa jina na aambiwe kwamba hapa ndipo kwake, ili asizunguke tena. Nilitazamia kwamba atalia. Alimwita, si "baba", alimwita jina lake kamili, lile la kwenye majalada, akalitamka kwa lafudhi ya Kifaransa ambayo sikujua anayo.

"Kwako ni hapa sasa," alimwambia. "Hukuniandika, na mimi nimechoka."

Yaya akapiga ishara ya msalaba. Tulifukia. Tuliporudi ndani bibi aliomba tusukume kiti mpaka kwenye mlango wa mbele, akatoa ufunguo kwenye kopo la vifungo, na kwa mikono yake yenye baridi yabisi akafunga. Ilimchukua muda na hakutaka msaada. Wiki iliyofuata alihamia Perry Barr bila ubishi, na yule afisa akadhani ni yeye aliyemshawishi.

Lakini siku ile tulikuwa bado mezani, bibi anakunywa supu, na kitasa kikashuka. Wote watatu tulikiona. Kilishuka mpaka mwisho, kikakutana na kufuli, kikatikisika kidogo namna mtu anavyotikisa mlango aliozoea kuukuta wazi. Yaya alianza kusali kwa sauti ya chini. Mimi nilitaka kwenda kufungua, Mungu shahidi wangu, nilikuwa nimeshainuka. Bibi aliniwekea mkono kwenye mkono wangu na hakuuondoa mpaka kitasa kikapanda chenyewe.

"Na wako?" aliniuliza. "Wako anashika kitasa gani?"

Nilikasirika. Nilimwambia wangu ni mdogo, ana nguvu, si kama huyo wake. Nilivua aproni nikatoka bila kuaga, nikatembea mpaka Small Heath sikupanda hata basi. Njiani nilikuwa bado nagombana naye kichwani, na kila nilipotaka kumshinda nilimwona msichana wa miaka saba amesimama mlangoni, kisha wa ishirini, kisha wa hamsini, akaacha kuolewa, akaacha kusafiri, kwa ajili ya mlango. Nilipofika Coventry Road nilikuwa nalia waziwazi mbele za watu. Nilinunua kadi ya simu kwenye kibanda cha Wasomali, wakanipa kiti bila kuniuliza kitu.

Ilikuwa siku ya kazi, katikati ya wiki, na mimi humpigia mama Jumapili tu baada ya ibada. Tena ukipiga kwa kadi zile, kwenye simu ya nyumbani hutokea namba ngeni ndefu isiyo ya nchi yoyote. Sikuyafikiria hayo. Nilikuwa nimeshikilia sentensi moja tu, kwamba nimekubali, wakate mgomba, nikiogopa nisije nikaipoteza kabla hajapokea. Yeye ndiye aliyenihimiza miaka yote ile. Yeye ndiye aliyesema tusiishi na mtu asiye hai wala maiti.

Simu haikumaliza mlio wa kwanza. Mama alipokea, na kabla sijafungua kinywa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, aliita jina la mdogo wangu.

Nilimwambia, "Ni mimi, mama." Nikasikia kiti kikilia alipokikalia, na pumzi yake ikirudi taratibu. Aliniuliza kama niko salama. Nikasema niko salama. Kisha ikanibidi nimwambie.