Sumaku ya Redio na Jino Langu

Namshukuru Mungu, mwenye kuotesha pamba ardhini na meno kinywani, kila kimoja kwa majira yake.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka kumi na sita hapa Bariadi. Jino langu la chonge lilikuwa limekwama ndani ya ufizi likaacha pengo, na kwayani niliimba nimeziba mdomo kwa kiganja. Baba akanipeleka Mwanza. Daktari wa meno alifunua ufizi, akabandika juu ya jino sumaku ndogo kama punje ya mtama. Ya pili ilikuwa ndani ya kibao cha plastiki nilichovaa kaakaani.

“Zitavutana,” alisema, “lakini kwa miezi, si kwa siku.”

Pasaka ilikuwa karibu, nami nimepangiwa kuimba peke yangu. Nikawaza: ikiwa ndogo inavuta, kubwa itavuta zaidi. Nikachomoa sumaku ya spika katika redio mbovu ya baba, nikaibana juu ya mdomo. Kibao kikafyatuka, kikapasuka na kunichana ufizi. Damu ikajaa kiganja.

Kaka yangu akacheka: “Mayu, dada yangu, kumbe unataka kusoma taarifa ya habari!”

Bibi, aliyekuwa akichambua choroko, hakucheka. “Ulitaka jino, au ulitaka Pasaka?”

Nikajifuta damu kwa khanga.

“Babu yako humfunga ndama dume nira moja na ng'ombe mzee, wakazunguka siku nyingi bila plau. Wewe umempa plau na fimbo siku ya kwanza. Shingo ikivunjika, ng'wanawane, mwanangu wee, utalima na nini?”

Nililia, nikidhani jino limekwenda. Kwa rehema za Mungu, daktari alikuta sumaku ya jinoni ingali imeshika. Alitengeneza kibao kingine bila hata kunikaripia. Pasaka ile niliimba na pengo langu wazi, mikono yote imeshika kitabu cha nyimbo. Jino lilishuka msimu wa pamba uliofuata, na hadi leo ndilo ninalochania muwa.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Mimi nimeiona ikivuta jino. Mwanangu, aliyekupa dawa akikwambia ungoje, kungoja nako ni dawa. Usiongeze nguvu pale ulipoambiwa uongeze siku.

Nawe usomaye, Mungu akupe tabibu mpole, bibi wa kukukemea, na kicheko kisichohitaji kiganja. Amina.