Mama Friza Hakutia Saini

Maabara yoyote ina watu wa kutupa na watu wa kuweka, na katika maabara ya hospitali hii mtu wa kuweka alikuwa mmoja tu: mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili, miwani yake imefungwa uzi, mdomo wake haukufungwa na chochote. Wenzake wakishatoa majibu ya mgonjwa, walichemsha sahani zao za vijidudu, wakatupa, wakaenda kunywa chai. Yeye alichota kidogo kwanza, akatia kwenye kichupa, akaandika tarehe na kitanda kwa penseli, maana wino hufutika kwenye baridi, kisha akakilaza kwenye friza. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo, na hakuna aliyemwagiza. Ndipo wakamwita Mama Friza. Walidhani wanamtania, kumbe yeye aliliitikia jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nyumbani nako hakusalimika. Mumewe, fundi viatu, alikuwa akiwalalamikia wateja huku mdomo umejaa misumari: "Wenzangu wanaibiwa wake zao na wanaume wenye magari. Mimi wangu kaibiwa na jokofu."

"Na linakoroma kuliko wewe," mkewe alimjibu, "lakini angalau lina kazi."

Basi mwaka huo watoto wakaanza kuugua katika wodi ya watoto njiti. Ilianza homa, kisha mtoto akalegea, kisha akakataa ziwa. Katika wiki saba waliugua kumi na mmoja, na wanne wakafariki. Kila damu aliyoipanda Mama Friza kwenye sahani iliotesha bakteria yuleyule. Aliweka juu yake vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa, kama kawaida. Dawa ikifanya kazi, kidonge huzungukwa na duara tupu, mahali ambapo vijidudu vimekufa. Safari hii duara halikuonekana. Vijidudu vilimea mpaka kwenye ukingo wa dawa, vingine vikaipanda kabisa. Kati ya dawa saba alizojaribu, sita hazikufua dafu.

Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, hakungoja uchunguzi. Alibandika tangazo kwenye mlango wa wodi: maradhi yameletwa na kina mama kutoka majumbani, kwa sababu ya mikono michafu. Na kama vile karatasi haikutosha, alilisema kwa mdomo. Mama wa kitanda cha nne, binti mmoja mwembamba aliyekuwa amepata mtoto wake wa kwanza, aliambiwa maneno hayo mbele ya wodi nzima siku ileile aliyokabidhiwa maiti ya mwanawe imefungwa shuka. Mama Friza alikuwa amesimama pale na trei ya sindano. Alimwona yule binti akimlaza mtoto mapajani ili apate nafasi ya kuigeuza mikono yake, kiganja juu, kiganja chini, akiitazama. Hasira iliyompanda Mama Friza siku hiyo haikushuka tena.

Akaanza kumwinda yule bakteria. Kwa vijiti vya pamba alipangusa mabomba, masinki, vitanda, mizani, vipini vya milango, mikono ya wauguzi. Kabla ya kila duru alinawa barabara kwa sabuni ya wodi, kwa kuwa kazi ni kazi. Shida haikuwa kumkosa. Shida ilikuwa kumkuta kila mahali. Mtu aliyeonekana kila nyumba utajuaje kwake ni wapi?

"Unaona?" akasema mganga mfawidhi. "Mikono ya hao wazazi wako imegusa kila kitu."

Wiki mbili zikapita hivyo. Jumanne moja asubuhi alikuwa ananawa kwenye sinki la wodi alipomwona mfanya usafi akimimina maji ndani ya dumu la sabuni.

"Mbona unaongeza maji?"

"Si ndiyo agizo la ofisini, mama. Likifika nusu naongeza maji. Sabuni mpya ikija namimina juu yake, maisha yanaendelea."

"Na dumu lenyewe mnaliosha lini?"

Mfanya usafi akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Dumu la sabuni lioshwe kwa nini tena, mama?"

Mama Friza alibaki ameduwaa, povu linamchuruzika kwenye viwiko. Alikuwa amepima kila kitu wodini isipokuwa kile alichonawia. Miaka yote hiyo ya kujigamba, na kumbe kila asubuhi alijipaka adui mikononi yeye mwenyewe. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha akachukua kichupa, akachota sabuni.

Ikaota. Siku ya pili sahani ilikuwa imejaa, ute mzito wa rangi ya maziwa.

"Bado haithibitishi kitu," alisema mganga mfawidhi. "Ni wao waliolichafua hilo dumu."

Hapo ndipo friza lilipolipa fadhila. Mama Friza alifungasha kwenye barafu vichupa vya watoto kumi na mmoja, kichupa cha sabuni, na kimoja cha zamani: mtoto wa wodi hiyohiyo aliyeugua na kupona miezi kumi na minne nyuma, ambaye kila mtu alikuwa amemsahau. Akavipeleka maabara kuu, kwenye mashine inayosoma vinasaba vya kijidudu herufi kwa herufi, mamilioni ya herufi. Bakteria anapojinakili hukosea herufi moja hapa, moja pale, na makosa hayo huyarithi watoto wake. Ukihesabu tofauti, unajua nani ndugu wa nani na nani kamzaa nani, na hakuna wa kukupiga chenga.

Majibu yalifika baada ya siku kumi na sita. Wote kumi na mmoja walikuwa ukoo mmoja, na tofauti kati yao hazikuzidi vidole vya mkono. Wa kwenye sabuni alikuwa ndugu yao wa tumbo moja. Na yule wa miezi kumi na minne nyuma ndiye aliyekuwa babu wa nyumba nzima. Kama kila mama angekuja na uchafu wake kutoka kwake, vijidudu hivyo visingefahamiana hata kwa salamu. Tena wakati babu huyo anaingia wodini, mama wa kitanda cha nne hata mimba hakuwa nayo.

Mama Friza aliandika ripoti ya kurasa nne. Mganga mfawidhi akamwita ofisini, akamvutia kiti mwenyewe.

"Mama yangu, wewe ni nguzo ya hospitali hii."

Alijua hapo hapo anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Akakaa.

"Hiki kifungu cha sabuni tukiondoe. Madumu tumeshatupa, sabuni mpya ipo, na watoto hawaugui tena. Tatizo limekwisha. Tuandike tu chanzo hakikujulikana, utie saini, tupeleke wizarani."

"Na kina mama mliowaambia wameua watoto wao?"

"Watasahau. Bado vijana, watazaa wengine."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama Friza aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena ili amwone vizuri.

"Mwanangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kutomwita daktari, "umesoma ukurasa wa tatu?"

"Nimeupitia."

"Hukuusoma. Nimeandika pale kwamba mimi, mtaalamu wa maabara, nilinawa kwa sabuni hiyo wiki mbili nzima bila kuipima. Kosa langu limo humo, na saini yangu chini yake. La kwangu sijalifuta, nitafuta la kwako?"

"Naweza kukuhamisha. Kuna zahanati haina hata darubini."

"Nihamishe. Nitahesabu chawa. Lakini nakala iko maabara kuu, na maneno mnayotaka nitie saini hamtayapata kwangu, leo wala nikiwa kaburini." Akaichukua kalamu ya mkuu, akaifunga kifuniko chake, akairudisha mezani taratibu. "Kwaheri."

Alitoka ofisini na hofu, kwa kuwa ushujaa haumzuii mtu kuogopa. Alipiga moyo konde. Hakurudi maabara. Aliikunja ripoti, akatoka nje ya lango, akatembea nusu saa nzima hadi kwa mama wa kitanda cha nne.

Alimkuta uani anafua. Mikono ilikuwa imepauka, ngozi imepasuka kwenye vifundo vya vidole. Mama mkwe wake alikuwa mlangoni anachambua mboga, na kabla mgeni hajakaa alishasema, "Kama ni habari ya yule mtoto, tulishaambiwa. Uchafu wa mama."

Mama Friza alikataa kiti. Alisema akiwa amesimama, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani: "Mliongopewa. Bakteria alikuwa hospitalini kwetu kabla huyu hajabeba mimba. Alikuwa kwenye sabuni yetu. Sisi ndio tuliomleta, na nimekuja kusema hivyo kwa mdomo wangu."

Mboga zikaanguka kutoka mikononi mwa mama mkwe. Binti hakulia. Alitoa mikono kwenye beseni, akaikung'uta maji.

"Kwenye sabuni?"

"Kwenye sabuni, mwanangu."

"Wenzangu walikuwa wananawa mara moja kabla ya kunyonyesha," alisema polepole. "Mimi nilinawa mara tatu. Kila mara. Sista alinisifia."

Mama Friza aliacha machozi yamshuke bila kuyafuta.

Binti akauliza, "Huyo daktari yuko ofisini mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Nisubiri nivae viatu."