Nyama Isiyo na Moshi

Malongo alichoma nyama pale senta ya Runazi kwa miaka ishirini na miwili, mpaka watu wakawa wanamtania kwamba hata akifa kaburi lake litanukia mafuta. Alihamia kutoka Shinyanga na mkewe Priscila na ng'ombe watatu. Ng'ombe waliisha, jiko likabaki. Yeye aligeuza nyama, Priscila alipepea mkaa, na kila siku kipande cha kwanza kilikuwa cha Priscila, aonje chumvi kabla mteja hajatia mdomoni. Mwaka juzi Priscila alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Daktari alisema ni moshi. Malongo hakutaka kabisa kulisikia neno hilo, maana moshi huohuo ndio uliosomesha watoto.

Sasa naye ameanza kukohoa. Ndipo Happyness, binti yake wa mwisho, mwalimu huko Mwanza, akaja likizo na boksi kubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Na hilo boksi ni la nini?"

Akaambiwa ni ea fraya, jiko la umeme linaloivisha nyama kwa hewa ya moto. Malongo alicheka hadi kikohozi kikamkaba.

"Haya. Nyama ikiwa mbaya, unarudi nalo Mwanza. Ikiwa nzuri, jiko langu nalizima leo."

Alisema hivyo kwa sababu alijua atashinda.

Ndani ya kibanda cha nyama, Happyness alipaka steki nene chumvi, pilipili manga na mafuta kidogo, akaiweka ndani, akafunga droo. Mashine ikaanza kuvuma. Mzee wa watu akataabika. Hakuna moto wa kutazama, hakuna mafuta yanayodondokea mkaa na kumwambia sasa geuza. Mikono ilimwasha kwa kukosa kazi. Akachukua chupa ya maji ya chumvi anayonyunyizia nyama ikianza kukauka, akailenga kwenye matundu ya nyuma ya mashine. Happyness akaudaka mkono wake.

"Baba, huo ni umeme. Utatuua."

Kabla dakika kumi na mbili hazijaisha vizuri, mashine ikalia. Nyama ilitoka ya kahawia pande zote. Happyness akaiacha itulie kidogo, kisha Malongo akaikata juu ya ubao kwa kisu chake cha kazi, akatafuna polepole akitafuta kosa. Ilikuwa laini, imeiva mpaka katikati, na mchuzi wake umebaki ndani. Akakata kipande kingine, akitafuta tena. Alisimama, kisu mkononi, mdomo umejaa nyama tamu, kosa hajaliona.

"Hizi mashine zimeanza lini?" aliuliza baadaye.

"Zipo siku nyingi, baba."

"Mama yako akiwa hai?"

Happyness alitazama sakafu. "Zilikuwepo."

"Na umeme ulikuwa umeshafika hapa."

"Ulikuwa umefika."

Malongo alirudi kwenye ubao. Alikata kipande cha tatu, akakisogeza pembeni mwa ubao, upande aliokuwa akisimama Priscila. Kisha akabeba ndoo ya maji ya kunawa, akatoka hadi kwenye jiko na kuimwaga yote juu ya mkaa. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakauliza kulikoni.

"Leo nimefunga," alisema, akakohoa, akabaki amesimama kwenye moshi ule wa mwisho.