Neno Alilolibadilisha Akoth

Akoth ameishi Kabeza, mtaa wa Kigali, miaka tisa. Kwao ni Kisumu, na kazi yake ni kutoa mizigo ya watu kwenye ghala la uwanja wa ndege: vipuri, dawa, nguo za maharusi. Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya katika ibada ya Kiswahili. Waimbaji wake, wengi wao Wanyarwanda waliokulia Uganda na Tanzania, walimwogopa. Sauti ikiteleza kidogo tu, alisimamisha wimbo na kumtazama aliyekosea mpaka aone haya.

Mdogo wake, Geoffrey, alilitegemea sikio hilo. Alikuwa Nairobi akifundisha watoto gitaa na kutunga nyimbo zake. Akoth ndiye aliyemfundisha kuimba akiwa na miaka sita, na hata alipoota ndevu hakutoa wimbo wowote kabla dada yake hajausikia.

Mwaka ule vijana wa Nairobi walipoanza kuingia barabarani kupinga kodi mpya, Geoffrey alimtumia dada yake wimbo kwa simu. Ulihusu haki ya raia kuuliza na kujibiwa. Kiitikio kilisema: "Wakitufukuza twende nyumbani, kesho tutarudi tena."

Akoth aliusikiliza akiwa ghalani, kidole kimoja sikioni kwa sababu ya kelele, kisha akampigia.

"Geoff, beti ni nzuri, lakini kiitikio kimelegea. Watu wamesimama mbele ya bunduki, wewe unawaimbia waende nyumbani?"

"Ndiyo maana yake, dada. Waende, halafu warudi wakiwa wazima."

"Basi huo ni wimbo wa kumlaza mtoto. Sema hatutoki. Hatutoki mpaka jibu litoke. Sikia linavyopanda."

Akamwimbia. Upande wa pili gitaa likaanza kumfuata.

"Linapanda kweli," Geoffrey alisema.

Siku nne baadaye wimbo ulikuwa umeenea mji mzima. Kwenye video Akoth aliona maelfu ya watu wasiojuana wakiuimba kwa pumzi moja. Waliokuwa wameanza kurudi nyuma, kiitikio kilipofika, walisimama. Aliwaonyesha wenzake ghalani. Alimwambia hata mama mwenye nyumba, Béatha, kwamba neno lile ni lake. Alijivuna, wala hakuficha.

Jumanne iliyofuata, moshi wa kutoa machozi ulipotanda, watu waliimba na wengi hawakuondoka. Geoffrey alikuwa mbele kabisa. Risasi ilimpata shingoni. Mpaka leo familia haijaambiwa ilitoka wapi.

Wanjiru, mchumba wake, ndiye aliyepiga simu. Akoth alikuwa akifua uani. Béatha alimkuta amekaa chini, maji ya bomba yakimwagika.

"Akoth, iko nini? Nani amekufa?"

"Geoffrey."

Béatha alifunga bomba, akaketi kando yake kwenye saruji iliyolowa, akamshika bega. Kisha, akitafuta la kumfariji, akasema, "Pole sana, dada. Lakini ile wimbo yenu iko itabaki."

Akoth aliinuka, akaingia ndani na kufunga mlango.

Baada ya mazishi hakufundisha tena. Kwaya ilichukuliwa na Kamikazi, msichana mpole asiyemkemea mtu. Akoth bado huenda ibadani. Wengine wakisimama kuimba, naye husimama, mdomo umefungwa.

Miezi kumi ikapita. Wanjiru alikuja Kigali kwa basi. Kumbukumbu ya mwaka mmoja ilikuwa ikiandaliwa, naye alitaka Akoth aongoze kiitikio.

"Mama yenu amekubali kuja," alisema. "Anataka asikie sauti yako inavyofanana na ya Geoff."

"Unajua kiitikio kilikuwaje mwanzo?"

Wanjiru hakujua. Akoth alifungua ule ujumbe wa kwanza kwenye simu. Sauti ya Geoffrey ikawaambia watu waende nyumbani. Wanjiru aliomba kuusikia tena, na tena, kisha akauzima mwenyewe.

"Nani alibadilisha?"

"Mimi."

Wanjiru aliangalia mikono yake. "Siku ile nilimvuta. Nilimwambia twende, Geoff, wanapiga kweli. Akaniambia, tutaondokaje, na sisi ndio tunaowaimbia watu wasiondoke?"

Akoth aliiweka simu chini.

"Unanilaumu?" aliuliza.

"Sijui. Niache kwanza nisijue."

Alikuwa amepanga kukaa siku tatu. Aliondoka kesho yake asubuhi. Getini aligeuka. "Mama anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie. Lile neno ndilo linalomtoa kitandani siku hizi."

Siku ya kumbukumbu Akoth alikwenda kazini kama kawaida. Mchana alitazama video. Mama yake alikuwa mbele, picha ya Geoffrey kifuani, akiimba kwa nguvu na kukosea sauti, na umati ukimwitikia. Nusu saa baadaye akapiga simu, bado anahema.

"Umetuona? Wamejaa barabara nzima, mwanangu. Wote wanamwimba ndugu yako. Mbona wewe hukuja?"

"Kazi, mama," Akoth alisema. "Kazi imenibana."